Sufuria Haijai kwa Kunyamaza

Kwako Baba Akinyi, popote unapoiweka kofia yako siku hizi,

Nasikia uko mtaa wa Satellite kwa binamu yako, na nasikia unaambia watu kwamba nilikuendea kwa mganga. Ati karata haziwezi kumtii mwanamke aliyeacha shule darasa la nne, lazima kuna kitu nilijipaka mikononi. Aliyeniletea habari ni Wafula wa baiskeli, na alicheka mpaka akaiweka sahani chini. Mimi sikucheka. Nilienda dukani nikanunua daftari na kalamu, nikaketi. Mtu akishindwa ana haki ya kujua ameshindwaje. Wewe ulinishinda miaka mingi bila kunieleza. Mimi nitakueleza yote.

Barua hii haina bahasha. Guka amenikubalia niibandike ukutani, pale nyuma ya buchari yake mnapochezea, chini ya kalenda ya kanisa. Mwenye macho ataisoma. Makosa ya herufi ni yangu. Akinyi alitaka kunisahihishia nikakataa, kwa sababu kuna mambo humu mtoto hafai kuyapitia na kalamu nyekundu.

Wacha nianzie mbali kidogo, usije ukasema nimesahau mazuri.

Unakumbuka chumba chetu cha Kisumu Ndogo, Kibera, kile cha kwanza, chenye dirisha lililoangalia ukuta? Ulikuwa unaosha sakafu katika ile nyumba ya kamari huko mjini. Ulikuwa unarudi na harufu ya sabuni yao, na stori za matajiri wanaocheza poka bila kutoa jasho. Siku moja uliniletea karata zao zilizotupwa. Kila moja ilikuwa na tundu katikati, maana ukasema wakishazitumia wanazitoboa zisirudi mezani. Wewe ulikuwa umezipitisha uzi na kuzining'iniza mabegani kama mtu anayetoka kuvua samaki. Nilicheka siku ile. Nilikuwa na mimba ya Akinyi, tumbo limefika kwenye magoti, na mvua inapiga mabati hatusikiani.

Nilikuwa nachagua maharagwe. Ukachukua ungo mzima, ukamwaga kitandani, ukagawa nusu kwa nusu. Ukasema, "Mama, leo utakuwa tajiri au utalala njaa."

Ulinifundisha vizuri, hilo nakupa. Kila mtu anapewa karata mbili ambazo mwenzake hazioni. Halafu katikati zinafunguliwa tatu za wote, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kabla ya zile tatu, na kila baada ya kufungua, mtu anaweza kuweka maharagwe katikati. Mwenzake akitaka kubaki, anafuata kwa idadi ile ile. Akiogopa, anatupa karata zake. Na asiyetaka kuweka anagonga meza kwa kidole, zamu inapita. Mwishoni karata zinafunuliwa na mwenye bora anabeba rundo lote: jozi mbili zinashinda jozi moja, na tatu za namba moja zinashinda jozi mbili.

Hilo rundo ukasema wenyewe wanaliita poti.

"Poti ya nini, ya chai?" nikakuuliza.

"Ni kama chungu."

"Kwangu hakuna chungu. Kuna sufuria."

Tangu siku hiyo ikawa sufuria. Ukishinda unasema umepakua. Na tukimaliza, yale maharagwe tunayaosha, tunayapika, na wewe unakula ukisema unakula ushindi wako. Nilikuwa nakupakulia kijiko cha juu. Hujui ni mara ngapi nilikupakulia kijiko cha juu nikala ukoko.

Lakini kuna kitu kimoja ulinifundisha vibaya, na hicho ndicho kilichokumaliza. Ulisema, "Ukipata karata nzuri, gonga meza. Nyamaza. Mwenye nguvu hapigi kelele. Ukiona mtu anaweka, anaongeza, anaongeza tena, huyo hana kitu. Debe tupu ndilo linalopiga kelele."

Nikakuamini. Wewe ulikuwa mtu wa mjini, mimi nilikuwa mtu wa kuchagua maharagwe. Miaka yote tukicheza, nikipata karata nzuri nilikuwa nagonga, nagonga, nagonga, halafu pale mwisho naweka maharagwe matatu kwa haya. Nikishinda nilipata kiganja kimoja. Ukishinda wewe, kiganja kimoja. Nikadhani mchezo ndivyo ulivyo. Nikadhani na ndoa ndivyo ilivyo.

Sasa tuje kwa kibanda.

Unajua na mtaa wote wa Kabiro unajua ni nani alikianzisha. Nilikuwa natoka Kibera alfajiri, Akinyi mgongoni, sufuria ya marehemu mama yangu kichwani, ile kubwa yenye masikio mawili, kwenda kuwapikia githeri, mahindi na maharagwe, watu wa mjengo pale Kabiro, Kawangware. Mwanzo nilipikia chini ya mwavuli. Halafu Guka, ambaye ploti ni yake, akanionyesha kona. Mabati yalikuwa ya zamani lakini yalinikinga. Ilipofika siku ya kuandika jina kwenye kitabu chake, wewe ndiye uliyekwenda na mimi. Ukasema mambo ya vitabu niachie. Ukaweka kidole changu kwenye wino, ukakielekeza mahali. "Bonyeza hapa." Nikabonyeza. Sikuuliza jina lililoandikwa juu ya kidole ni la nani. Kuandika jina langu nilijua. Hata kusoma jina lako nilijua. Nilikuwa naona haya tu kuinama na kusoma polepole mbele ya watu.

Haya hiyo ilinigharimu.

Jumatatu ile nilifika na maharagwe yamelowekwa tangu jana, Akinyi amenishika leso. Nikakuta jiko limewashwa. Nikamkuta Linet, msichana wa watu, amejifunga aproni yangu, anakoroga. Wewe ulikuwa umeketi kwenye kreti unakunywa chai. Nikafungua mdomo niulize. Hata sikuwa nimepandisha sauti, nilikuwa bado nafikiri labda nimekosea kona.

Ukasema, "Nyamaza. Watu wanatazama."

Nikanyamaza. Ndiyo aibu yangu mimi. Niligeuka na maharagwe yangu, nikatembea mpaka Kibera, na Akinyi hakuniuliza kitu njia nzima. Mtoto wa miaka kumi na mmoja asipouliza, ujue ameelewa. Nilipokwenda kwa Guka akanifungulia kitabu. "Jina ni lake, mama. Mimi nafuata kitabu." Hakuwa mbaya. Alinionyesha na kidole changu pale chini, kimekauka, kama mdudu aliyepondwa.

Nilikaa miezi mingi nikipikia mlangoni kwangu, nikiuza bakuli mbili tatu kwa majirani wanaokaanga omena. Sitakudanganya kwamba nilikuwa naomba amani. Nilikuwa naomba siku yako. Kanisani nilikuwa naimba na wenzangu, lakini ndani nilikuwa nakutafuna. Nilikuwa nakutakia mambo ambayo hata kwenye barua isiyo na bahasha siwezi kuandika. Lakini mtoto anataka kula, na mwenye hasira akikoroga sufuria vibaya, githeri inashika chini. Nikajifunza kukasirika polepole.

Na ni githeri iliyonifungua macho, sikiliza.

Siku hiyo niliumwa mgongo, nikamwachia Akinyi jiko. Akaogopa kumaliza makaa. Akaweka vipande vitatu vidogo, moto wa kutishia tu, akaketi akisoma. Saa zilipokwenda na watu wakaanza kuuliza chakula, akashtuka, akamwaga makaa yote yaliyobaki kwa mara moja. Maji yakachemka yakamwagika. Maharagwe yalibaki magumu kama changarawe.

Akaniambia, "Mama, si nimeweka makaa mengi?"

Nikamwambia, "Umeyaweka mwisho. Moto ambao hukuuwasha asubuhi, huwezi kuulipa mchana."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikaketi kitandani kama mtu aliyepigwa kofi. Nikayamwaga maharagwe mabichi juu ya blanketi, nikaanza kuyapanga.

Nikajichezea kwa mikono miwili, wewe kulia, mimi kushoto. Kwanza nikacheza kwa njia yako. Maharagwe matatu katikati ya kufungulia, nagonga, nagonga, nagonga, mwisho naweka matatu, wewe unafuata. Sufuria nzima maharagwe tisa, na mkono wangu bado umejaa ambayo sikuyatumia. Nani atafuata nikiweka thelathini kwenye sufuria yenye maharagwe matatu? Hata mlevi atatupa karata.

Halafu nikacheza kwa njia ya githeri. Naweka tatu mapema, kabla hata karata za katikati hazijafunguliwa. Unafuata, tatu tu, ni nini tatu? Sufuria inakuwa tisa. Sasa naweka sita, na kwa sababu sufuria ni tisa, sita haionekani kubwa. Unafuata. Inakuwa ishirini na moja. Naweka kumi na mbili. Unafuata tena, maana umeshaingiza zako humo na zinakuita. Inafika arobaini na tano. Na hapo Baba Akinyi, hapo ndipo nikiweka yote niliyobaki nayo, itaonekana kitu kidogo cha kumalizia.

Nilirudia mara nyingi. Sufuria inajilisha yenyewe. Kila moto unaoweka leo unaruhusu moto mkubwa zaidi kesho. Anayesubiri mwisho ndipo aweke, anapika changarawe. Na jambo la pili likaja lenyewe: nikimwekea hivyo mtu aliyefundisha kwamba anayeweka weka ni debe tupu, mtu huyo hatatupa karata. Atafuata mpaka mwisho akinicheka.

Nikajua kabisa nitakucheza wewe.

Meza ya Guka kila mtu anaijua. Kwa vile ni mzee wa kanisa, aliapa kwamba pesa haitaonekana juu ya meza yake, na haionekani. Mtu analeta kitu, Guka anakitazama, anakipa idadi ya vifuniko vya soda, mnacheza kwa vifuniko. Ukibaki na vya kutosha unakomboa kitu chako au cha mwenzako. "Kitu ni kitu, pesa ni dhambi," ndivyo anavyosema, na hakuna anayemuuliza zaidi kwa sababu meza ni yake na nyama ni yake.

Jumapili ile baada ya ibada nilibeba sufuria ya mama yangu kichwani na mtungi wangu wa gesi mkononi, kutoka Kibera mpaka Kabiro. Unataka kujua kama niliogopa? Nilimwomba Mungu anisamehe kwanza, halafu ndipo nikamwomba anisaidie. Akinyi nilimwacha kwa dada yangu nikimdanganya naenda kupikia watu. Njia nzima nilikuwa naona mwanangu akila kwa majirani kwa sababu mama yake amechezea sufuria. Mara mbili nilisimama nirudi. Mara mbili nikasikia, "Nyamaza, watu wanatazama," nikaendelea.

Wafula ndiye aliyeniona kwanza.

"Mama Akinyi, umeleta githeri?"

"Nimeleta sufuria. Githeri iko njiani."

Wewe hukuinuka. Ulisema, "Rudi nyumbani. Usinitie aibu hapa."

"Nimekuja kucheza."

Mlicheka wote, isipokuwa Guka. Guka alivua miwani, akagonga sufuria kwa kucha, akasikiliza mlio. "Ameleta kitu," akasema. "Aliyeleta kitu huwa anaketi. Sufuria ishirini, mtungi ishirini."

Nikaketi. Nikakutazama usoni mara ya kwanza tangu ile Jumatatu. "Na Baba Akinyi ameleta nini?"

Ulikuwa umeweka simu yako. Nikaitazama hiyo simu nikasema, polepole, kila mtu asikie, "Hiyo tu? Mimi mwanamke nimeweka chombo cha marehemu mama yangu, na mwenye kibanda anaweka simu iliyopasuka kioo?"

Wafula akapiga mluzi. "Kiongozi, hapo umeguswa."

"Kwani umewahi kunishinda wewe?" ukaniuliza.

"Hapana," nikasema. Na ilikuwa kweli.

"Basi naweka kibanda. Guka, andika. Akishinda, akichukue na moshi wake."

Guka akakiwekea arobaini. Ulilalamika ni kidogo, akakuambia mabati yana kutu. Simu ukarudisha mfukoni. Tukawa sawa, arobaini kwa arobaini, na Wafula na kumi zake za baiskeli. Guka ndiye aliyegawa.

Saa nzima ya kwanza nilicheza kama mkeo. Umesahau, nikukumbushe. Nilikuwa nagonga meza. Nikipata karata nzuri nagonga, mbaya nagonga. Nilishinda kidogo, nikapoteza kidogo, nikarudi pale pale arobaini. Wewe ukamla Wafula viwili ukawa na arobaini na viwili. Ulianza kupiga miayo. Ukamwambia Wafula, "Unaona? Anacheza kama anayeomba chumvi." Nilitaka unione hivyo. Nilitaka ulale kabisa.

Halafu Guka akanigawia saba mbili.

Kila mtu aliweka kifuniko kimoja cha kuanzia. Vitatu katikati. Nikachukua vitatu vyangu, nikavihesabu mara mbili kama mtu mwenye wasiwasi, nikaviweka. Wafula akanitazama, akakutazama, akatupa karata. "Mambo ya mtu na mkewe siingilii."

Wewe ulitabasamu. "Ameamka. Debe tupu." Ukafuata.

Guka akafungua tatu: Mfalme, saba, nne. Niliona saba yangu ya tatu imelala pale kama mtoto aliyerudi nyumbani. Mafunzo yako yote yakaniambia: gonga meza, nyamaza. Kidole kilishainuka kabisa, mazoea ni kitu kibaya. Nikakirudisha. Nikaweka sita.

"Debe tupu," ukasema. Ukafuata. Nilijua una Mfalme, kwa sababu ulikaa wima. Unapopata kitu huwa unakaa wima kama mtu wa kupigwa picha. Nimeishi na wewe miaka kumi na miwili, hukujua nami nakusoma.

Karata ya nne ilikuwa mbili tu, haina maana. Nikaweka kumi na mbili.

Hapo ulisita. Uliangalia sufuria, uliangalia vifuniko vyako. Wafula akasema, "Baba Akinyi, hilo debe lako naona linakuja na maji." Ukamwambia anyamaze. Hilo neno unalipenda. Ukanigeukia mimi ukasema kwa sauti ya chini, kama tuko nyumbani, "Unajiumiza bure. Mwenye karata hachezi hivi. Si nilikufundisha?"

"Ulinifundisha," nikasema.

Ukafuata.

Ya mwisho ikawa Malkia. Ukacheka. Hukuweza kujizuia, ulicheka na pua, nikajua imekuingia vizuri. Na mimi, wacha niseme ukweli kwa kuwa barua hii itasomwa na watu, hapo niliogopa. Kama nimekusoma vibaya na umeshika Malkia wawili, nimekwisha. Sufuria ya mama imekwenda, na Akinyi nitamwambia nini? Nilikuwa na vifuniko kumi na vinane. Ningeweza kugonga meza. Ningeweza kubaki navyo, angalau nikombolee mtungi nikiongeza viwili.

Nikavisukuma vyote.

Hukufikiria hata kidogo. Mtu aliyekwisha kumwaga ishirini na viwili haachi kwa ajili ya kumi na vinane, hiyo niliijua kutoka kitandani kwangu na maharagwe yangu. Ulipiga karata zako mezani kabla hata Guka hajahesabu. Mfalme na Malkia. Jozi mbili. "Rudi kwenu na mwavuli," ukasema. Tayari ulishanyoosha mkono kwenye masikio ya sufuria ya mama yangu.

Nikafungua saba moja. Halafu nikafungua ya pili, na nilichukua muda wangu.

Hapo ndipo ulinyamaza wewe.

Guka akahesabu kwa kidole: themanini na kimoja. Ishirini sufuria, ishirini mtungi, arobaini kibanda. Kimoja kikabaki, kile cha kuanzia cha Wafula. Nikamrudishia. Akakataa. "Kaa nacho, mama. Nimelipa kiingilio, na sinema nimeona."

Ulisema turudie. Ulisema mzunguko mmoja tu. Guka akakuuliza, "Una vifuniko viwili. Una kitu kingine?" Ukatia mkono mfukoni ulipoweka simu, ukaiacha humo, ukautoa mtupu. Halafu ukasimama ukatoka, na vile viwili ukaviacha mezani. Hata kwaheri kwa Guka hukusema, na mimi nilikufundisha adabu miaka yote hiyo.

Guka akaleta kitabu. Jina lako lilikuwa kwa wino, halifutiki, akalipiga mstari. Akaniletea kile kibao cha wino cha kidole. Nikamwambia, "Nipe kalamu." Nikainama, nikasoma ukurasa mzima kwanza, neno kwa neno, Guka na Wafula wakinisubiri. Sikuona haya. Kisha nikaandika jina langu. Herufi zilitoka kubwa, zikavuka mstari, zikakanyaga jina lako kidogo. Guka akasema andika chini zaidi, kuna nafasi. Nikasema hapana, hapa panatosha.

Kuna jambo moja zaidi hulijui. Jumatatu iliyofuata Linet alikuja asubuhi kama kawaida yake. Akanikuta nimewasha jiko. Alisimama pale pale niliposimama mimi, na nilimwona anafungua mdomo. Nilikuwa nimeliandaa neno miezi yote ile. Nilikuwa nimelinoa kama kisu. Lakini alikuwa amebeba nyanya kwenye karatasi, na ile karatasi imelowa, zinataka kuanguka. Nikamwambia, "Weka hizo chini, zitakuponyoka. Halafu sema."

Akasema. Kumbe ulimwambia mimi nilikuwa mpishi wako wa kuajiriwa, kwamba ulinifukuza kwa wizi. Mimi. Baba Akinyi, nimekusamehe mambo matatu au manne katika maisha yangu. Hilo sitakusamehe, na sitajaribu.

Linet anapika chapati upande wa kushoto sasa. Chapati zake ni nzuri, nakubali. Jina lake liko kitabuni chini ya langu, aliliandika mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake kuhakikisha anasoma kwanza. Mchana wateja wakipungua tunamwaga maharagwe kwenye sinia na ninamfundisha. Akipata karata nzuri mkono unamwenda kugonga meza. Nampiga kidole kwa kijiko cha mbao. Akinyi haruhusiwi kukaribia hiyo sinia. Yeye nimemwambia asome, na akiambiwa abonyeze mahali, aulize ni mahali gani.

Wakati mwingine nakuwaza, sitasema uongo. Mvua ikipiga mabati nakumbuka zile karata zenye matundu, na ulivyokuwa ukiyapuliza maharagwe yasikuunguze. Huwa nashtuka nikajiuliza kama umekula. Halafu nakumbuka mpishi mwizi, na wasiwasi unaisha.

Kwa hiyo hakukuwa na mganga. Waambie huko Satellite. Ulikuwa moto tu, uliowashwa mapema, na mtu aliyejifundisha mwenyewe kwamba kelele ni utupu. Anayetaka kukucheza sasa amesoma hapa jinsi ya kufanya. Kila anayekaa meza hii ataanza na tatu, aende sita, aende kumi na mbili, akikutazama kama umekaa wima. Nadhani utatafuta meza nyingine.

Ukipita Kabiro usijifiche nyuma ya buchari. Githeri ni ya kila mtu, foleni inaanzia kwenye mtaro. Kijiko cha juu ni cha watoto.

Na vile vifuniko vyako viwili havijapotea. Nimevitia kwenye debe la mafuta yaliyoisha, limening'inia hapa mlangoni kwa waya, Akinyi hulitikisa kufukuza paka. Linalia mpaka barabarani. Ukilisikia usiulize ni nini. Humo ndani ni wewe.

Kwaheri ya kweli, ile uliyosahau kuaga,

Mama Akinyi,
mwenye kibanda.